Bwana Pole na Gari la Viti Saba

Boneti ilikuwa wazi, geti lilikuwa wazi, na mwenye gari hakuonekana. Bwana Pole alisimama ng'ambo ya barabara, mfuko wa spana begani, akayatazama mambo hayo matatu kama paka anayetazama bakuli la maziwa, mfuniko uliowekwa pembeni, na mgongo wa mwenye nyumba anayeondoka.

Gari lenyewe lilikuwa la viti saba, gari la familia lisilo na siri: makombo ya biskuti juu ya dashibodi, soksi moja ya mtoto imening'inia kwenye usukani, mlango wa pembeni umefungwa kwa kamba ya kiatu. Matairi ya mbele yalikuwa yamepandishwa juu ya magogo mawili. Chini yake palitandikwa mkeka wa plastiki, na juu ya mkeka kulikuwa na spana moja na kandambili za kiume. Hapakuwa na beseni, hapakuwa na dumu, hapakuwa na hata tone la oili.

Bwana Pole akapiga hesabu zake. Baba wa nyumba hii amesikia kwamba kubadilisha oili nyumbani ni kazi rahisi. Ameingia chini ya gari, ametazama juu, vyuma navyo vimemtazama, ameogopa, ametoka kwenda kuuliza watu. Hajagusa kitu. Nyumbani wamebaki wanawake.

Nusu ya hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Na hapo ndipo wajanja huangamia. Kosa zima mtu huliona akalikwepa, lakini kosa nusu hulivaa akatembea nalo kama shati.

Huyu bwana alipata jina lake kwa haki. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba gari lake linaumwa bila kumpa pole kwanza, na alikuwa na sauti nzuri ya kutolea pole kuliko majirani wengi kwenye misiba. Ovaroli yake ya bluu ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Fundi wa magari mwenye ovaroli safi ni kama mpishi mwenye mwiko mkavu, lakini watu hupenda usafi, na Bwana Pole alipenda wanachopenda watu.

Kazi yake ilikuwa kubadilisha oili majumbani. Niseme vizuri: kazi yake ilikuwa kutobadilisha. Mfukoni, pamoja na beseni dogo, alikuwa na chupa ya oili chafu, ile ambayo kila gereji humwaga bure. Aliingia chini ya gari, akagonga spana kwa spana, akaimba kidogo, akaimimina ile chupa kwenye beseni, kisha akatoka nayo huku akitikisa kichwa. Alikuwa pia na galoni mbili za oili mpya zinazofanana kama mapacha: moja bado imefungwa kwa lakiri yake, ya kuonyesha kabla ya kazi, nyingine tupu, ya kuonyesha baada ya kazi. Katikati alimtuma mwenye gari akachemshe maji ya kunawa. Akishalipwa, alimwachia mteja ile oili chafu kwenye dumu na wosia mmoja: "Usiimwage, ni sumu. Nitaipitia." Hakuipitia hata moja.

Kasoro ya kazi hii ilikuwa kwamba mji ulikuwa unamwishia kama sabuni. Mtaa wa seremala alikuwa anapita kwa nyuma. Mtaa wa mshonaji alipita na kofia. Shuleni kwa mwalimu mkuu hakupita kabisa, maana gari la mwalimu mkuu lilizimika mbele ya wanafunzi wote wakiwa mstarini, likatoa moshi, na mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kukumbuka sura. Sasa mitaa ya kutembea uso wazi ilikuwa imebaki michache, na ng'ambo ya milima kulikuwa na mji mwingine mzima, wenye magari tele na watu wasiomjua. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kitu kimoja tu: cha kumfikisha huko, na akifika kiwe gereji, kitanda na njia ya kukimbilia. Kitu chenye viti saba, kwa mfano.

Akavuka barabara.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," alijibu Mama Pacha, aliyekuwa anaanika nguo ndogo ndogo, kila moja mara mbili. Karibu na mlango wa jikoni mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikaa kwenye kigoda akichambua mchele kwenye ungo.

"Poleni sana," alisema Bwana Pole.

Bibi akainua macho. "Pole ya nini? Hatujafiwa."

"Bado, Bibi. Ila nilikuwa napita zangu, nikalisikia gari hili likilalamika."

"Limezimwa," alisema Mama Pacha.

"Ndiyo maana nimelisikia vizuri, mama. Likiwaka, kelele huficha."

Mama Pacha akalibana shati kambani kwa kibanio, taratibu. Bwana Pole aliona ameingia mlango wa kwanza, akaufungua wa pili kwa ushairi, kwa kuwa alikuwa na beti za kila hali ya hewa:

"Injini bila oili, ni moyo bila amani,
Hulia kwa kila hali, huaibisha njiani."

Bibi alikoma kuchambua. Alikuwa mtu wa mashairi tangu usichana wake, na hakuna aliyewahi kumtupia mstari ukaanguka chini. Akapuliza makapi, akajibu:

"Maneno yamepangika, kazi tutaona chini."

"Na mtaiona, Bibi. Uchunguzi wa kwanza ni bure. Mama, nisaidie maji ya moto na sabuni."

Akajilaza kwenye mkeka, akajisukuma chini ya gari. Kule chini alifumba macho kabisa, maana hakupenda vumbi limwingie. Akagonga. Akaguna kama anayepigana na kitu kikubwa. Akamimina chupa. Leo lakini hakuwa anatafuta malipo ya oili, kwa hiyo akatoa kiberiti chenye unga wa chuma aliouchonga kwa tupa kutoka kwenye sufuria ya zamani, akanyunyiza juu ya beseni kama mtu anayekolea chumvi. Oili ikameremeta. Kisha akatoka, akakaa kitako, akalishika beseni kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimezoea kusimama."

"Haya. Unaziona hizi nyota? Hizi ni nyama za injini. Gari linajila lenyewe."

Mama Pacha akalitazama beseni. Akalitazama kwa muda mrefu mno, mkono mdomoni. Bwana Pole alikwisha kuona majonzi mengi katika kazi yake, akayatambua na haya mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo Bwana Pole hakulijua, nami sina sababu ya kumtunzia siri. Asubuhi hiyo hiyo Baba Pacha alikuwa ameingia chini ya gari lile, akaifungua nati ya chini, akaimwaga oili yote mpaka tone la mwisho. Ni mmoja wa wale watu wanaovua nguo zote kabla ya kuuliza kama bafuni kuna maji: alipomaliza kumwaga ndipo alipokumbuka kwamba hakununua oili mpya, akaondoka kwa miguu kuelekea madukani. Kabla hajaondoka, mkewe alimwambia kwamba asiache uchafu kwenye ua wake, naye kwa kuogopa neno la pili akapanguza kila tone, akalificha dumu la oili chafu nyuma ya mlango wa jikoni, na ile nati akaitia kwenye kikombe cha chai dirishani ili watoto wasiimeze.

Kwa hiyo Bwana Pole alikuwa amemwaga beseni zima la oili kutoka kwenye injini isiyo na oili, kupitia tundu lisilo na nati. Na kwa kuwa alifumba macho, hakuliona hata tundu.

"Imetoka humu ndani?" aliuliza Mama Pacha.

"Yote."

"Humu humu?"

"Kwenye nati yake ya chini, mama. Nimeifungua kwa mkono huu."

"Ilikuwa imebana?"

"Imebana kama mkono wa tajiri."

Mama Pacha akageuka polepole. Dirishani, jua lilikuwa limekipiga kikombe cha chai. "Mama, unaona mambo haya?"

"Naona, mkwe wangu," alisema Bibi, macho kwenye kikombe. "Naona mpaka ng'ambo."

"Na leo tulikuwa tusafiri. Twende kwa dada yangu, kule mji wa pili, ng'ambo ya milima."

Bwana Pole akashtuka kwa huruma. "Na watoto ndani? Mama, nashukuru Mungu nilipita njia hii. Gari hili lisingemaliza mlima wa kwanza."

"Tufanyeje sasa, fundi? Tuliuze?"

"Nani anunue mzoga, mama? Mzoga hauuzwi, huondolewa." Hapo akashusha sauti, kwa maana ndipo ulipokuwa moyo wa biashara. "Nina ndugu yangu ana karakana, yeye huyapokea magari ya namna hii. Huyakata, huyazika, sijui. Kwa kawaida mwenye gari hugharamia. Lakini mimi nimewaonea huruma. Nitaliondoa leo, kwa mikono yangu, bure. Lina pumzi kidogo ya kufika."

"Bure?" aliuliza Bibi.

"Bure, Bibi. Thawabu yangu iko mbele."

"Iko mbele," Bibi alikubali.

Mama Pacha akajifuta macho kwa nguo mbichi ya mtoto, ikawa machozi ni mengi kweli. "Basi tufanye haraka, fundi, kabla baba yao hajarudi. Analipenda gari hili kuliko maini yake. Akirudi hatakubali."

Katika maisha yake yote Bwana Pole hakuwahi kuharakishwa na mtu anayemwibia. Kwa kawaida yeye ndiye aliyeharakisha. Akasikia utamu mpya kooni, na utamu huo ndio uliomziba masikio.

"Lakini kwanza chai," alisema Bibi, akiinuka na ungo wake. "Mtu hawezi kutuondolea mzigo kama huu na tumbo tupu."

Wakaingia sebuleni. Bibi alimkalisha kwenye kochi linalotazama ukutani, akampa chai, akaanza kumsimulia maisha ya gari lile tangu lilipoletwa: nani alitapikia kiti kipi, nani alijifunza kuliendesha akagonga nguzo, harusi zipi limebeba na wangapi kati ya maharusi hao bado wanaelewana. Huko nje Mama Pacha alichukua kikombe dirishani, akaingia chini ya gari, akaifunga nati. Alijua jinsi ya kuifunga. Alikuwa amemshuhudia mumewe akiifunga vibaya mara tatu, na hakuna shule nzuri kama hiyo.

"Kuna wenzangu wa kikundi cha kushona," Bibi alisema, akitoa simu yake kifuani. "Wanalijua gari hili. Wataniuliza kwa nini sikuwaita waliage." Akabonyeza, akaweka simu sikioni. "Wewe? Yupo kwangu. Ndiyo, fundi. Yule wa pole mliyenisimulia. Anakunywa chai. Mwambie na mwanao seremala aje. Na mwenzako mshonaji. Na waje na vile vyombo, ee, vile alivyowaachia. Haya, tunawangoja, hatoki."

"Watu wema," alisema Bwana Pole.

"Sana. Ongeza sukari."

Walipotoka uani, Mama Pacha alikuwa amesimama kando ya boneti, mikono imeoshwa. Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa fundi, mahali ilipochungulia galoni yenye lakiri.

"Fundi, umeimwaga oili yote. Litafikaje kwa ndugu yako likiwa kavu?"

Bwana Pole akatabasamu. Moyoni alijua oili ya zamani imo ndani, haijaguswa. "Ah, mama, nitalirudishia kidogo ile ya zamani."

"Ile yenye nyama?"

Uongo una tabia moja mbaya: humdai mwenye nao kwanza.

"Litazimika kona ya kwanza," aliendelea Mama Pacha, "watu watajaa, baba yao atapita, atauliza. Mimi nasema litie mpya. Si unayo?"

Galoni ile ilikuwa mali pekee ya kweli ambayo Bwana Pole alikuwa nayo katika kazi yake. Alikuwa ameinunua siku ya kwanza, akaitembeza mji mzima, hakuwahi kuikata lakiri. Aliipangusa kila asubuhi. Nyumba hamsini zilimwamini kwa sababu ya lakiri ile. Akaishika, akaitazama, akaanza kujadiliana na nafsi yake, na katika mjadala huo tamaa ndiyo ilikuwa mwenyekiti. Gari ni la nani baada ya saa moja? Ni langu. Oili iliyo ndani ya gari langu ni ya nani? Ni yangu. Basi sitoi kitu. Nahamisha tu kutoka mkono wangu wa kulia kwenda wa kushoto.

Akakata lakiri. Ilitoa mlio mdogo, naye akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Akamimina. Oili ilishuka rangi ya asali, nzito, haina haraka.

"Mpaka mwisho, mwanangu," alisema Bibi. "Itikise."

Akaitikisa. Mama Pacha akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akamwonyesha. Oili ilikuwa imefika kwenye alama ya juu, sawasawa, kama imepimwa na mfamasia.

Hapa Bwana Pole alipata wasiwasi kidogo. Oili ya zamani pamoja na galoni nzima, ilipaswa ifurike. Akakichukua kijiti, akakipima mwenyewe. Alama ya juu, sawasawa. Akakuna kichwa, akahitimisha kwamba baba wa nyumba hii alikuwa mzembe, analiendesha gari karibu kavu. Watu wengine, alijisemea, hawastahili kumiliki magari.

"Sasa lioshwe," alisema Bibi.

"Kuoshwa kwa nini, Bibi, na linakwenda kukatwa?"

"Hata anayehama huoga. Unataka watu waseme tulikuchoka tukakutoa na matope?"

Bwana Pole akalisimamia gari na ndoo. Aliliosha mbele, akaliosha nyuma, akaondoa picha za katuni kwenye vioo kwa ukucha. Alipoona makombo ya biskuti, hakusubiri kuambiwa: aliyafagia yote, maana dashibodi ile alikwisha kuipangia mahali pa kuweka redio. Mama Pacha akataja kwamba matairi ya nyuma yana upepo mdogo; fundi akaleta pampu ya mkono, akapampu mpaka mikunjo ya ovaroli ikalala. Bibi akasema mlango wa pembeni haujafunguka tangu mapacha wakiwa wanatambaa. Fundi akaikata kamba, akakunja mikono ya ovaroli, akahangaika na reli yake, akanyoosha hiki, akapaka grisi kile, mpaka mlango ukateleza kwa sauti ya hariri. Akaufungua na kuufunga mara kadhaa kwa raha yake.

Sijaona duniani mfanyakazi mwenye bidii kama mwizi anayedhani anajifanyia.

"Fundi," alisema Mama Pacha, "nimeanza kusikitika. Linapendeza."

"Usiangalie sura, mama. Ugonjwa uko ndani." Akanyoosha mkono. "Funguo."

Akampa. Bwana Pole akalishusha gari kutoka kwenye magogo, akaketi vizuri, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Aliisikiliza. Alikuwa ametumia miaka akiwaambia watu jinsi injini njema inavyosikika, na kumbe hii ndiyo mara ya kwanza aliyoisikia. Akaona milima. Akaona barabara inapanda, inapinda, inashuka, na mji mpya chini, unamngoja na maboneti yake wazi.

Akatia gia ya nyuma, akatazama kiooni. Barabara haikuonekana. Ilionekana pikapu, imekaa mlangoni pa geti kama kizibo kwenye chupa.

Mbele ya pikapu alisimama seremala, mtu mpana, na dumu mkononi. Kando yake, ameegemea gari lake dogo, alisimama mshonaji, mwembamba, na dumu lake. Nyuma, akifungua kamba iliyovuta gari lake mpaka hapo, alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa amevaa tai. Naye alikuwa na dumu.

"Hujambo, fundi," alisema seremala kwa adabu. "Ulisema utaipitia. Tukaona tukupunguzie safari."

"Ni sumu," alikumbusha mshonaji. "Watoto wanacheza karibu."

Bwana Pole akazima injini. Mtu wa kawaida angekimbia, lakini yeye alikuwa msanii, na msanii hujaribu ubeti mmoja zaidi. Akashuka, akafungua mikono. "Ndugu zangu. Poleni sana. Nimewatafuta mno."

"Nafundisha mita kadhaa kutoka kwenye kibanda ulichokuwa ukinunulia sigara," alisema mwalimu mkuu.

Wakati huo ndipo Baba Pacha alipotokea, jasho limemlowesha, galoni mpya ya oili begani. Alikuwa mtu mnyoofu asiyeweza kudanganya hata mbuzi wake. Akalitazama gari linalometameta, akaufungua mlango wa pembeni, ukateleza, akaruka nyuma. Akavuta kijiti cha kupimia.

"Nani ametia oili?"

"Fundi," alisema mkewe. "Bure."

"Lakini mimi nilishaimwaga asubuhi. Nati si ilikuwa kwenye kikombe?"

"Ilikuwepo. Fundi akaifungua tena akiwa chini ya gari, yenyewe ikiwa dirishani. Ikatoa beseni zima."

Baba Pacha akalifikiria jambo hilo kwa uaminifu, kutoka pande zote. "Haiwezekani," alisema mwisho.

"Ndivyo tulivyoona na sisi," alisema Bibi.

Bwana Pole alimtazama Mama Pacha. Akatazama dirisha, akatazama galoni yake iliyokatwa lakiri, akatazama matairi aliyoyajaza kwa mgongo wake. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, na kwa dakika hiyo moja, naapa, kulikuwa na heshima machoni pake.

"Mama," alisema, "ulijua tangu lini?"

"Tangu uliposema imebana."

"Na ukaniacha nioshe gari?"

"Ulikuwa unalipenda. Ningekukatazaje?"

Akaitafuta njia ya mwisho. "Mimi nilitaka kuwafundisha tahadhari. Mjini siku hizi kuna matapeli."

"Tumefunzika," alisema Mama Pacha. "Sasa wafundishe na hawa."

Seremala akaliweka dumu chini. Bwana Pole akajikunja kusubiri kofi, lakini hapakuja kofi. Seremala alitoa galoni mpya nyuma ya pikapu. Mshonaji akatoa ya kwake. Mwalimu mkuu akatoa mbili, kwa kuwa gari lake halikuwa limewaka tangu siku ile ya mstarini, na kiu yake ilikuwa kubwa.

"Oili tumenunua wenyewe," alisema mshonaji. "Kazi tulishailipia zamani. Ibadilishe."

"Ibadilishe vipi?" aliuliza Bwana Pole, na swali hilo lilimtoka kabla hajalishika mkia. Wote wakamtazama. Alikuwa amepita chini ya nusu ya magari ya mji, na hakuwahi kufungua nati hata moja.

Baba Pacha alimwonea huruma. "Njoo nikuonyeshe," alisema. "Si ngumu. Usinunue oili mwishoni tu."

Wakaisogeza pikapu kando ya geti, wakatandika mkeka barabarani chini yake. Bwana Pole akalala chali, macho wazi kwa amri ya Bibi, ambaye alileta kigoda chake na kuketi mahali anapoona kila kitu. Nati ya seremala ilikuwa imebana kweli. Akaivuta. Akaisukuma. Akaita mama yake. Ilipokubali ilikubali yote kwa pamoja, na oili ya miaka, nyeusi, ya uvuguvugu, ikamshukia kifuani, ikaijaza mikunjo ya pasi iliyosalia, ikaingia sikio la kushoto.

"Beseni huwekwa kabla," alisema Baba Pacha. "Hata mimi hunipata hiyo." Akampa kitambaa, akaenda kuwaita watoto.

Seremala akalirudisha dumu lake karibu, akachutama, akaendelea kusimamia. Bwana Pole akiwa kule chini aliona miguu tu: miguu ya Bibi, ikiinuka kwenye kigoda, miguu minne midogo ya mapacha, ikikimbia, ikigombea kiti cha dirishani, viatu vya safari vya Mama Pacha, vikasimama kidogo karibu na kichwa chake.

"Fundi," alisema. "Pole."

Mlango wa pembeni ukateleza. Injini ikawaka mara moja, taratibu, ikapita kando ya pikapu, ikapinda kona, ikaanza kupanda. Aliisikiliza mpaka ikapotea milimani. Oili yake ya kweli, ile pekee aliyowahi kumiliki, ilikuwa imeshauhama mji. Yeye, baada ya pikapu, alikuwa bado na magari mawili.